Nyota Si Kiu

Mwaka jana, katika somo la etimolojia, nilisimama mbele ya wenzangu nikawaeleza kwamba neno nyota limetokana na kiu. Nilieleza kwa ufasaha, nakiri mwenyewe. Katika Kinyarwanda na Kirundi, inyota ni kiu. Katika Mashi, enyorha ni kiu. Basi, nikasema, wasafiri wa zamani walitembea usiku ili kukwepa jua, koo zimekauka, macho yanatafuta njia angani, na kile walichokiona juu wakakipa jina la kile walichokisikia kooni. Nilipigiwa makofi. Nilipewa alama ambazo sijazipata tena tangu siku hiyo.

Naandika makala hii kuifuta hadithi ile. Naandika pia kwa sababu naamini sikukosa peke yangu. Ukumbi mzima uliikubali, na ukumbi huohuo ungeikataa mara moja kama ningesema jambo la namna hiyo juu ya neno la Kifaransa.

Kuna na jambo la pili. Kabla sijarudi kuketi, mwenzetu mmoja wa safu ya nyuma alisema kwa sauti: "Kumbe hata nyota si yetu, ni ya ng'ambo ya Ruzizi." Watu walicheka. Dada mmoja ambaye kwao husema inyota hakucheka. Nilimwona, nikajifanya sikumwona, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa bado yanasikia makofi.

Likizo ilipofika nilipanda Kabare kumsalimu bibi. Umeme haujafika kwake, na usiku usio na mwezi anga ya kule hujaa hata unaona haya kuwasha taa ya simu. Nikamwonyesha juu nikamwuliza kile ni nini kwa Mashi. "Enyenyezi," akajibu. Na enyorha je? Akanigeukia. "Enyorha ni ya maji. Unasomaka wapi, mujukuu?"

Katika kurasa zangu kumi na mbili, neno enyenyezi halikuwamo. Nililinganisha nyota ya Kiswahili na kiu ya Mashi bila kuuliza Mashi yenyewe huiitaje nyota. Ni kama mtu anayekwenda kutafuta ukoo wa jirani yake akaanza na mpita njia kwa sababu wamevaa shati la rangi moja.

Sasa tutazame jinsi tunavyolishughulikia neno la watu wengine. Sote tuliopita mwaka wa pili tumefundishwa nyota ya lugha za Kigermaniki, na tumeijua barabara. Kiingereza husema star, Kiholanzi ster, Kijerumani Stern, Kiswidi stjärna, na Kigothi cha kale kilisema stairno. Mwalimu hakuturuhusu kusema tu kwamba maneno haya yanafanana. Alituuliza: hiyo n ya Wajerumani, Wagothi na Waswidi iko wapi katika Kiingereza na Kiholanzi? Alituuliza tena: kama Kilatini tres ni three katika Kiingereza, yaani t imegeuka th, mbona stella haikuleta neno lenye sth? Tukajibu kwa sheria ambayo Jacob Grimm aliitangaza mwaka 1822, baada ya Rasmus Rask kuiona mnamo 1818: t ya kale hugeuka katika Kigermaniki, isipokuwa pale inapotanguliwa na s. S humlinda t kama kaka mkubwa. Ndiyo sababu star na stella bado wana t ileile.

Kisha tukaenda Ufaransa. Étoile haifanani na star hata kidogo, lakini ni ndugu kamili, kwa kuwa Kifaransa huweka e mbele ya s yenye konsonanti nyuma yake na baadaye huiangusha s: schola ikawa école, status ikawa état, stella ikawa étoile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba udugu wa maneno hauonekani kwa macho. Maneno mawili yanaweza kuwa ndugu bila kufanana, na mengine yakafanana bila kuwa ndugu.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ya Wahiti. Kigiriki kina astēr, chenye a mwanzoni ambayo Kilatini na Kigermaniki hawana. Mwaka 1879 Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alidai katika kitabu chake kwamba lugha-mama ya lugha za Kihindi-Kiulaya ilikuwa na sauti fulani ambazo hakuna lugha iliyojulikana wakati ule iliyozihifadhi. Hakuwa amezisikia wala kuzisoma popote. Alizifikia kwa hesabu ya irabu tu. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alifaulu kusoma Kihiti kilichoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Anatolia, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba h ya Kihiti inakaa mahali palepale ambapo hesabu ya Saussure ilidai kuna sauti. Na nyota katika Kihiti ni haster-. Ile h mwanzoni ndiyo iliyowaachia Wagiriki a yao.

Hata baada ya ushahidi wote huo, wataalamu wanakuwa wagumu wanapofika kwenye maana ya kwanza. Wapo wanaosema neno lile limeundwa kwa mzizi wa kuungua na kiambishi cha mtendaji, yaani kile kiwakacho, wengine hawajaridhika. Wapo waliosema zamani kwamba limekopwa kutoka Babeli, kwa jina la mungu wa kike Ishtar, ambaye nyota yake ni Zuhura. Tazameni uzuri wa hoja hiyo: sauti zinakaribiana, na maana ni nyota kwa nyota! Lakini wengi wameikataa, kwa kuwa neno lina ukoo wake wenyewe unaojitosheleza, na kufanana peke yake si hati ya kuzaliwa.

Hadithi yangu ya kiu ilikuwa dhaifu mara kumi kuliko ile ya Ishtar, na nilipigiwa makofi.

Tuipime kwa mizani hiyohiyo. Upande wa sauti, ajabu ni kwamba inapita. T ya Kiswahili hulingana na rh ya Mashi: mti ni omurhi, mtima ni omurhima. Kinyarwanda huiacha t ilivyo: umutima. Basi nyota, enyorha na inyota zimekaa sawasawa kwenye safu zao, na mtu aliyejifunza nusu ya kazi atafurahi kama nilivyofurahi mimi. Nusu ya pili ndiyo maana. Star, Stern, stella, astēr na haster- wote wanasema nyota, hakuna aliyeruka. Kwangu mimi neno liliruka kutoka kooni hadi angani bila hata jiwe moja la kukanyaga katikati. Na majirani wote wanashuhudia kinyume. Mashi hutenga enyorha na enyenyezi. Kinyarwanda hutenga inyota na inyenyeri. Luganda ina ennyonta kwa kiu na emmunyeenye kwa nyota. Kikuyu, ambako kiu huitwa nyota, nyota ya angani huitwa njata. Kila nyumba ina vyumba viwili, na mimi nilibomoa ukuta katika nyumba ya Kiswahili peke yake kwa sababu sikuzoea kuuona.

Kama kufanana kungetosha, tungefika mbali sana. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa letu, na nyota moja ya manjano iliyo kwenye bendera ya mwaka huohuo ina majina manne: nyota kwa Kiswahili, monzoto kwa Lingala, mbwetete kwa Kikongo, na kwa Tshiluba mutoto. Mutoto! Hapa Kadutu mutoto ni yule anayetumwa kununua makala. Je, tuandike kwamba Waluba waliziona nyota kuwa ni watoto wa mwezi? Kwa mtindo wangu wa mwaka jana ningeandika, na nadhani ningepata alama nzuri tena. Au tuchukue sitara. Katika Kiajemi neno linalofanana na hilo ni nyota, na ni ndugu halisi wa star. Sitara ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu nayo ni kifuniko, kitu cha kusitiri aibu. Aliye ndugu wa star kwetu ni neno jingine kabisa, lile la vijana, staa wa muziki, ambalo limetoka katika Kiingereza na ambalo hakuna mzee anayeliheshimu. Ukoo wake ni mrefu kuliko wa nusu ya maneno tunayoyaita fasaha.

Basi nyota ya Kiswahili imetoka wapi? Tuanze na jirani yake wa usiku, mwezi. Kiswahili kina mwezi, Mashi omwezi, Kinyarwanda ukwezi, Chichewa mwezi, Kishona mwedzi. Sasa nyota: Mashi enyenyezi, Chichewa nyenyezi, Kishona nyenyedzi. Penye z kwenye mwezi pana z kwenye nyota. Penye dz pana dz. Kwa ulinganifu huo Kiswahili kingetazamiwa kuwa na nyenyezi, na hakina. Kimeshika neno jingine. Neno hilo halikuzushwa juzi na wapagazi wa misafara iliyoleta Kiswahili huku Kongo katika karne ya 19, kwa kuwa Wangazija nao wanalo: kwao nyota ni nyora, na r yao ndiyo t yetu, kama mti wetu ulivyo mri kwao. Kwa hiyo nyota ni ya zamani kuliko kutengana kwa Kiswahili na lugha za Komoro. Ushahidi huo unanifikisha pwani ya Bahari ya Hindi, karne nyingi nyuma, mbali sana na Ruzizi, na sitavuka hapo kwa mtumbwi wa hadithi.

Aliyesoma kwa makini atakuwa ameona kitu kingine. Kinyarwanda na Kirundi husema ukwezi kwa z, lakini inyenyeri kwa r. Kwa nini? Enyenyezi na inyenyeri yanafanana kuliko maneno mengine yote niliyoyataja, na ndipo hapohapo ulinganifu unapochechemea. Hapo pana kazi nzima ya mwisho wa masomo, imekaa mlangoni petu, na sijamwona mtu aliyeinama kuiokota.

Nirudi sasa kwa yule mwenzetu wa safu ya nyuma na kicheko chake. Katika mji huu, kufanana kwa maneno si mchezo wa darasani tu. Sote tumesikia, kwenye teksi, kwenye msiba, wakati mwingine hata kanisani, mtu akipimwa kwa neno lililomtoka kinywani: ametamka r au l, amesema i au e mwanzoni, basi ni wa huku, au ni wa kule. Watu wanaofanya hivyo hawajasoma isimu, na mimi siwalaumu kwa kutoisoma. Sisi tumeisoma. Tunajua kwamba enyorha na inyota hayakukopeshana. Yamerithiwa na yote mawili kutoka kwa mzizi mmoja wa Kibantu, kama watoto wawili wanavyorithi pua ya bibi. Mtoto mmoja hakuiba pua ya mwenzake. Tunajua pia kwamba Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu, Kihavu alikipa D52, Mashi D53, Kinyarwanda D61, Kirundi D62, namba za majirani, kwa kufuata zaidi ramani. Namba hizo hazisemi nani alifika kwenye kilima gani mwaka gani, wala nani ana haki ya kitambulisho. Mwanaisimu anayekaa kimya neno likitumiwa kama rungu ana sehemu yake katika pigo. Nilikaa kimya, na zaidi ya hapo, mimi ndiye niliyewapa rungu lenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya walimu wetu hawatayapenda. Kazi yoyote ya etimolojia katika kitivo chetu isipokelewe bila jedwali la ulinganifu wa sauti kutoka lugha tatu angalau zinazosemwa na wanafunzi walioketi katika ukumbi uleule. Anayetaka kuandika juu ya Stern na aandike, Stern ni neno zuri. Lakini kando yake aweke neno lake la nyumbani, alipitishe kwenye tundu lilelile la sindano. Na ikiwa mtu atadai kwamba neno limebadili maana, alete shahidi, lugha moja tu ambamo maana zote mbili zinaishi pamoja. Asipomleta, alama zipungue, hata kama ukumbi umepiga makofi. Hasa kama ukumbi umepiga makofi.

Nimeshasikia jibu la kwanza: vitabu havipo. Kweli, vitabu ni vichache na maktaba hufungwa mapema. Lakini Carl Meinhof alichapisha kitabu chake juu ya sauti za Kibantu mwaka 1899, Guthrie akamaliza juzuu zake mwaka 1971, na orodha ya mizizi ya Kibantu iliyokusanywa Tervuren, Ubelgiji, inapatikana bure kwenye intaneti. Mzizi wa kiu umo. Simu zinazotosha kupakua nyimbo zinatosha kuisoma. Tena sehemu kubwa ya ushahidi haiko Tervuren. Iko Kabare, Walungu, Kalehe, Mwenga, Idjwi, katika vinywa vya wazee, na vinywa hivyo vinafungwa kimoja kimoja. Wadogo zangu, waliozaliwa Kadutu, hawalijui neno enyenyezi. Wanasema manyota, na siwakosoi, kwa kuwa ndicho Kiswahili chao. Lakini neno likipotea kwao, shahidi mmoja amekufa, na wale wa mbali watakuja kutuuliza tumepoteza nini.

Jibu la pili ni kwamba lugha zetu hazina historia ndefu ya maandishi, kwa hiyo etimolojia yake ni kubahatisha. Hili linaniudhi zaidi, kwa kuwa linasemwa na watu waliosoma Saussure. Yeye hakuwa na kibao hata kimoja cha Kihiti alipoandika. Na sisi tunayo mifano isiyohitaji hata hesabu. Lile kundi la nyota ndogo zilizobanana, Waswahili wa pwani huliita kilimia, na Wazulu, maelfu ya kilomita kusini, huliita isiLimela. Waxhosa wameupa mwezi wa sita jina hilohilo. Ndani yake kuna kulima, kitenzi ambacho bibi yangu anakijua kwa mikono yake. Zikichomoza alfajiri, watu walijua kwamba jembe linasubiri. Sauti zinalingana, maana inalingana, na sababu iko wazi shambani. Hii ni etimolojia yenye nguvu kuliko ile ya star, ambayo hadi leo watu wanagombana kama maana yake ya kwanza ilikuwa kuungua au la.

Jibu la tatu sikulitarajia. Rafiki yangu mmoja aliniambia: ukiifuta hadithi ya kiu, utaweka nini badala yake? Watu waliipenda. Ni kweli waliipenda, na hata mimi bado naipenda kidogo; wale wasafiri wangu wenye koo kavu nimeishi nao mwaka mzima. Lakini dada yule hakucheka, na sidhani alikuwa anafikiria wasafiri.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba anirudishie kurasa zangu. Alinitazama kwa muda, akaniambia kwamba alama zimekwisha kuandikwa na hazifutiki. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya alama. Sasa nimechora jedwali jipya: mwezi, nyota, kiu, mti, moyo, kwa Kiswahili, Mashi, Kinyarwanda, Kirundi na Luganda. Safu ya Kirundi aliisahihisha dada yule mwenyewe, baada ya mimi kumwomba radhi kwenye ngazi za maktaba. Alinirekebishia toni mahali pawili na hakuniambia kama amenisamehe. Safu ya Kilega bado ni tupu. Mwenzangu wa Mwenga amesema atampigia mama yake simu Jumapili, mtandao ukikubali, na kwamba mama atataka kwanza kujua kwa nini tunamwuliza mambo ya nyota wakati ada ya muhula haijalipwa.